Mtoto wa Nje Akiletwa Nyumbani: Kwa Mama Mwenye Kazi Yake

Wanawake wengi wanaokuja kwangu baada ya kugundua kwamba mume ana mtoto kwingine huanza kwa kujishtaki. Ni mhasibu, ni meneja wa tawi la benki, ni daktari, ni mfanyabiashara wa Kariakoo. Anatoka Mbezi saa 11 alfajiri ili awahi foleni ya Kimara, anarudi watoto wameshalala. Na kabla hajanifikia, wifi au shangazi ameshamwambia: "Wewe na kazi zako, mwanaume ulimwachia nani?"

Ushauri wa ndoa na familia hapa Dar es Salaam ndiyo kazi yangu, na hili nalisema bila kuzunguka: kazi yako haikumzaa mtoto huyo. Nimekaa na wake wasiotoka nyumbani, chai iko mezani kila asubuhi, na bado mume alikuwa na nyumba ndogo Mbagala. Kama ndoa ilikuwa na upungufu, upungufu huo uzungumzwe kwa jina lake. Ugoni ni uamuzi aliouchukua mtu mzima.

Nasisitiza kwa sababu mama anayeamini lawama hiyo huishia kuandika barua ya kuacha kazi. Nawasihi wote: msiiandike katika miezi ya hasira. Mshahara wako ndio unaolipa ada na mkopo, na ndio unaokupa nafasi ya kuamua ubaki au uondoke. Mwanamke aliyeacha kazi ili kuokoa ndoa, kisha ndoa ikamshinda, anaanza maisha upya akiwa hana pa kushika.

Ugumu wa jambo hili ni kwamba limefunga mambo mengi pamoja: kosa la mume, mtoto asiye na kosa, mali, na watoto wako wanaotazama. Familia nilizoona zikiumia zaidi zilijaribu kuyamaliza yote kwa kikao kimoja cha Jumapili, wakwe upande huu, wazazi wa mke upande ule. Mwisho wa kikao mama ameambiwa "samehe, mlee," na hajaulizwa chochote.

Kabla ya kikao chochote, nendeni mkapime. Virusi vya Ukimwi, kaswende, homa ya ini. Kipimo cha VVU kirudiwe baada ya miezi 3, na mpaka majibu hayo yatoke, kinga itumike. Mama wengi huliona jambo hili dogo mbele ya maumivu waliyo nayo. Si dogo.

Kuhusu sheria nitasema yale ninayoulizwa zaidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu mwanandoa kumdai fidia mtu aliyefanya ugoni na mwenzake, ingawa dai hilo huanguka ikiwa mdaiwa hakujua, wala hakuwa na namna ya kujua, kwamba mtu huyo ana ndoa. Sipendi dai hili pale ambapo kuna mtoto. Unamfikisha mahakamani mwanamke ambaye mtashirikiana kuhusu homa, ada na likizo za mtoto mpaka awe mtu mzima. Talaka nayo haitoki kwa sababu ya ugoni peke yake: mahakama lazima iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na ugoni ni ushahidi mmojawapo, hasa ukirudiwa baada ya kulalamikiwa. Kwa kawaida mnapita kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, liwe la kata, la kanisa au la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), mkapewe hati kwamba usuluhishi umeshindikana. Kwa hapa mjini, mashauri ya familia yana kituo chake cha mahakama Temeke tangu 2021.

Mume akitishia "basi namuoa," mliofunga ndoa ya Kikristo jueni kwamba ndoa hiyo ni ya mke mmoja na haigeuzwi maadamu nyote wawili bado ni Wakristo. Katika ndoa inayoruhusu wake wengi, nia ya kuoa hutangazwa siku 21 kabla, na mke aliyepo anaweza kuweka pingamizi akionyesha kwamba kipato cha mume hakitatosha bila familia kutaabika.

Na mali: ile nyumba mnayoishi Goba, hata kama hati ina jina lake tu, hawezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa yako, na unaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Tangu hukumu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, Mahakama ya Rufani imetambua kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Wewe uliyechangia kwa mshahara usitegemee kumbukumbu. Tunza mikataba ya mkopo, taarifa za benki, risiti za saruji na mabati.

Sasa mtoto. Hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi.

Huletwa kwa sababu nyingi. Mama yake amepata kazi Oman, au ameolewa na mume mpya hamtaki, au amefariki, au bibi mzaa baba amesema damu yao haiwezi kulelewa nje. Swali langu la kwanza ni nani aliyeamua, na nani atakayebeba kazi yenyewe. Mara nyingi baba ameamua, mke ameambiwa akubali, na mzigo wote umemwangukia dada wa kazi ambaye hakuongezewa hata shilingi.

Wengi hawajui kwamba kumtambua mtoto si lazima kuwe kuishi naye. Baba ana wajibu wa kumtunza popote alipo, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie. Mtoto wa chini ya miaka 7, sheria inaanza na dhana kwamba ni vema akae na mama yake, isipokuwa kuwe na sababu nzito. Kwa hiyo ukisema, "Atunzwe vizuri, aje likizo, lakini kuishi hapa sasa hivi sijaweza," hujawa katili. Umesema ukweli mapema, na ukweli huo unamlinda mtoto kuliko ndiyo ya kulazimishwa.

Ila akishaingia, ameingia. Nusu nusu ndiyo inayoharibu: mtoto anayelala sebuleni wakati wenzake wana kitanda, anayetumwa dukani kila mara yeye, ambaye sare yake hununuliwa mwisho. Wiki za mwanzo atakuwa mtiifu kupita kiasi na watu watamsifu. Usifurahi haraka; mtoto wa namna hiyo anachunguza kama atafukuzwa. Anaweza kuanza kukojoa kitandani ingawa alishaacha, au kuficha mkate chini ya mto. Asichapwe kwa hayo. Mpe ratiba isiyobadilika: muda wa kula, muda wa kulala, siku ya kuongea na mama yake kwa simu.

Watoto wako waambiwe ukweli kwa kiasi cha umri wao: "Huyu ni ndugu yenu, baba yenu ni mmoja." Ule uongo kwamba ni mtoto wa baba mkubwa hufa siku mwalimu anapoita majina darasani. Asilazimishwe kukuita mama. Katika nyumba nyingi "mama mkubwa" hukaa vizuri, na mama yake mzazi anabaki na jina lake.

Kuna mmoja husahaulika kabisa: binti uliyekuja naye katika ndoa. Kwa miaka amekuwa akimwita mumeo baba. Sasa ameingia mtoto wa damu, bibi anakuja na zawadi, na binti wa miaka 14 anahesabu kimya kimya nani ni wa nani. Huyu ndiye anayehitaji muda wako wa Jumamosi kuliko wote, na baba huyo amwambie kwa mdomo wake kwamba nafasi yake haijaguswa.

Na mama mzazi wa mtoto? Huhitaji kumpenda. Mkutane mara moja mahali ambapo si kwako wala kwake, ikiwezekana mbele ya ofisa ustawi wa jamii wa manispaa, mwandike nani analipa nini, likizo zinagawanywaje, na akiugua nani apigiwe kwanza. Fedha zitumwe na baba kwa simu, wazi, ukijua. Mafumbo ya kwenye status yaishe siku hiyo, kwa pande zote mbili. Mtoto asiwe mjumbe wa mtu yeyote.

Baba naye afanye kazi. Nalisema kwa mkazo kwa sababu katika jiji hili ni rahisi sana mwenye kosa kuonekana amesamehewa wakati mke ndiye anayefua. Yeye ampeleke mtoto kliniki, yeye aende kikao cha wazazi, yeye aombe ruhusa kazini mtoto akiwa na malaria. Kama ratiba yako ya ofisi haikubadilika alipokuwa akimlea kwa siri, haina sababu ya kubadilika sasa.

Na kama baada ya miezi kadhaa bado unaona hasira ukisikia sauti ya mtoto huyo, sema. Nimesikia haya kwa wanawake wema kabisa. Mwambie mumeo, mwone mshauri, zungumzeni na bibi au shangazi anayeweza kumchukua, na mfanye hivyo kabla shule hazijafungwa Desemba, ili Januari aanze mwaka mahali pamoja na amalize hapo hapo.