Kidonda cha konea hakitaki "kuongezewa kinga"

Msimu wa karafuu Pemba, swali ni lile lile: mtu kachomwa na kijiti cha mkarafuu, jicho jekundu, konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ina doa jeupe, na jamaa zake wanauliza watie nini kuongeza kinga. Asali? Mafuta ya habasoda? Jamani, kinga ya jicho hilo imeshaamka. Sehemu kubwa ya doa hilo ni neutrofili, askari wa kinga wenyewe.

Kinga huamshwa na vipokezi vinavyotambua vipande vya vijidudu: TLR4 hutambua lipopolisakaridi ya ganda la bakteria Pseudomonas, TLR5 flajelini ya mkia wake, dektini-1 beta-glukani ya ukuta wa fangasi. Neutrofili zikishaitwa humwaga vimeng'enya vinavyoua vijidudu na kuyeyusha kolajeni, protini inayoijenga konea, kwa pamoja, na katikati konea ina unene wa nusu milimita tu. Bakteria aliyekufa bado ana lipopolisakaridi, kwa hiyo konea inaweza kuendelea kuyeyuka hata antibayotiki ikiwa imeshafanya kazi yake.

Basi tuvizime vipokezi? Hapo ndipo watu wanaporukia upande wa pili. Panya wasio na MyD88, protini inayopitisha ishara za TLR nyingi, hawapati neutrofili za kutosha, na Pseudomonas huzaana bila kizuizi. Flajelini nayo huwalinda panya ikitiwa siku moja kabla ya maambukizi. Mgonjwa wetu huja baada ya kuchomwa. Eritorani, kizuizi cha TLR4, haikupunguza vifo vya sepsisi (maambukizi yanayovuruga mwili mzima) katika jaribio lililochapishwa 2013. Mimi naamini kizuizi kitafaa jichoni, lakini nyuma ya antibiotiki. Shaka yangu ni saa ya kuanza: kitandani hatuna kipimo cha kuonesha kwamba vijidudu vimepungua kiasi cha kutosha.

Steroidi, dawa inayotuliza kinga, inatufunza hilo. Jaribio la SCUT la vidonda vya konea vya bakteria, wagonjwa 500, lilianza prednisoloni (steroidi) au tone bandia baada ya saa 48 za antibayotiki moksifloksasini, wenye fangasi wakiwa wameachwa nje. Baada ya miezi 3 uoni haukutofautiana kwa jumla, na wenye bakteria Nokadia waliopewa steroidi walipata makovu makubwa zaidi. Sasa mtu ananunua dukani tone lenye deksamethasoni, steroidi nyingine, kidonda hakijakwanguliwa kupimwa, na kimetokana na mti! Jicho hutulia siku mbili tatu huku fangasi akizama ndani.

Kwangua kabla ya tone la kwanza, ukingoni na kwenye kitako cha kidonda. Slaidi moja ya rangi ya Gramu kuona bakteria, moja ya KOH 10% (hidroksidi ya potasiamu) kuona fangasi. Ukiona nyuzi za fangasi, tia natamisini 5%, dawa ya fangasi, kila saa, na uitikise chupa kwanza, maana dawa hukaa chini. Steroidi usiiguse.