Mashine ya Linn haikutunga hata wimbo mmoja

Kila prodyuza chipukizi akisikia jina la Stock Aitken Waterman, maprodyuza watatu wa pop ya Uingereza ya miaka ya 80, jibu ni lilelile: "Ah, wale wa kubonyeza kitufe." Yaani mashine ndiyo iliyowatungia. Kitufe gani? Nionyesheni na mimi nikibonyeze, kodi ya studio inadaiwa.

Historia naipitia mbio. Mike Stock, Matt Aitken na Pete Waterman waliungana London mwaka 1984, wakaanzia kwenye hi-enaji, dansi ya kasi ya klabu za mashoga, na Divine na Hazell Dean. Wakaprodyuzi Dead or Alive, na mwaka 1985 ikawa namba moja Uingereza. Wakafuata Bananarama, Mel & Kim, Rick Astley, Kylie Minogue. Nyimbo zaidi ya 100 zikaingia 40 bora za huko. Aitken akaondoka 1991, Stock 1993.

Sasa kinachoniudhi. Ngoma zilikuwa za mashine ya Linn, kweli, na wenyewe kwa utani walimwandika mpiga ngoma kwenye majalada: "A. Linn". Utani huo umewaponza mpaka leo. Lakini chukua "Never Gonna Give You Up" ya Rick Astley ya 1987, zisahau ngoma, fuata kodi (chords) za kiitikio kwa solfa: fa, so, mi, la. Mwanakwaya yeyote atauliza: do, kodi ya nyumbani, iko wapi? Haipo kwenye mzunguko huo. So inakuahidi kwamba sasa unarudi nyumbani, mara unageuziwa mi, unatua la, maina, huzuni chini ya maneno ya furaha. Hujatulia, kwa hiyo unataka kirudiwe tena. Linn haikuchagua hilo. Ni mtu aliyekaa kwenye kinanda akaamua. Na anayeimba kwa sauti ile nzito ni kijana aliyekuwa akiwachemshia chai palepale studio!

Eti hawakujua mtindo mwingine? Mwaka huohuo walisambaza wimbo wao wenyewe, "Roadblock", bila jina kwenye santuri, madijei wakadhani ni fanki ya miaka ya 70.

Linalonisumbua ni Waterman. Hakuwa mpiga ala, alileta sikio la dijei, na jina lake limo kwenye utunzi sawa na wenzake. Siku nyingine naona ni haki, maana kukataa wimbo mbaya nako ni kazi. Siku nyingine, hasa nikiwa nagawana asilimia na mtu aliyekaa kwenye kochi, sioni.

Na nyimbo zao za 1989, haya, nakubali: beti za Sonia na Jason Donovan nazichanganya. Ila mwaka huohuo ndio ulipotoka "This Time I Know It's for Real", waliouandika na Donna Summer. Usikilizeni kwanza, ndipo mniletee habari za kitufe.