Tingatinga: ya mababu, ya watalii au ya nani?

Ukipita Morogoro Stores, Oysterbay, Dar es Salaam, utawakuta wachoraji wamekaa kivulini na makopo yao ya rangi. Mtalii anasimama, anapatana bei, anaondoka na twiga wake. Aliyesomea sanaa chuoni anapita amekunja uso. Yapo mengi yanayosemwa kuhusu picha hizi za mtindo wa Tingatinga, na baadhi yake si kweli.

Dhana: Ni uchoraji wa jadi, tumeachiwa na mababu.
Azimio la Arusha la mwaka 1967 limeutangulia. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora jijini karibu mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi za kung'aa kama zinazopakwa baiskeli. Wapo wanaouhusisha na michoro ya kuta za nyumba za kusini, na huo ni mjadala halali. Ila mtindo tunaoujua leo ulizaliwa mjini. (Na hapana, jina halikutoka kwenye trekta.)

Dhana: Watu wanaupenda, wasomi ndio wanaoudharau.
Watu gani? Tangu mwanzo wateja wakubwa walikuwa wageni waliokaa Oysterbay, kisha watalii, na Japani umepata wapenzi wengi. Ingia sebuleni kwa mama mkubwa wangu, Temeke: kuna kalenda, picha ya harusi, na maporomoko ya maji yenye milima ya theluji ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuiona. Tembo wa madoadoa hayupo. Kwa hiyo tunapowasuta wahakiki kwamba wanapingana na umma, umma wenyewe mara nyingi ni abiria wa ndege ya kesho.

Dhana: Kinachochorwa ili kiuzwe kwa watalii si sanaa.
Hapa wahakiki wana hoja, lakini wanaipitisha kwa haraka. Edward aliuawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alikuwa amechora miaka minne hivi. Waliobaki, wengi wao ndugu na watu wa kwao, waliendeleza kazi, na mwaka 1990 wakaunda ushirika. Kunakiliana kupo, tena kwingi: Kilimanjaro ileile, pundamilia walewale. Sasa weka picha ya Edward kando ya hizo. Yake mara nyingi ina mnyama mmoja tu, amejaa ubao mzima, nyuma yake rangi tupu. Zilizofuata zimesongamana wanyama hadi pembeni. Hizo ni kazi mbili tofauti, na zote mbili ziliuzwa kwa wageni, kwa hiyo mnunuzi si kipimo. Picha zake sasa zinasakwa na wakusanyaji kiasi kwamba zipo za kughushi zenye saini yake.

Dhana: Uhakiki ni wa wenye shahada.
Mwaka jana nilimpelekea mama mkubwa chui wa Tingatinga. Akavaa miwani.

"Mwanangu, chui gani huyu ana macho ya mtu? Na huu mkia kaukunja ili ajaze pembe, hakujua aweke nini."

Nikamwuliza kama ameipenda.

"Nimesema siipendi? Nimesema mkia."

Ameitundika jikoni. Maporomoko yamebaki sebuleni.