Je, wajua kwa nini gazeti la Kiongozi lilizaliwa Tabora na si Dar es Salaam?

Siku hizi ukitaja gazeti la kusomwa nchi nzima, mawazo ya watu yanakwenda Dar moja kwa moja. Ila Kiongozi, gazeti la Kanisa Katoliki, lilianzia Tabora mwaka 1950, kilomita 840 hivi kutoka pwani ukifuata reli. (Lilikuwapo Kiongozi jingine Tanga enzi za Mjerumani. Ni jina tu wamefanana.)

Waanzilishi walikuwa Mapadre Weupe, shirika la wamisionari wa Kikatoliki, na kwao Tabora haikuwa pembezoni hata kidogo. Walifika huku tangu miaka ya 1870, na misheni zao zilienea magharibi: Kigoma, Karema, Mwanza, Bukoba. Pwani ilikuwa ya mashirika mengine. Roma ilipounda majimbo makuu ya Tanganyika mwaka 1953, yalikuwa mawili tu: Dar es Salaam na Tabora.

Halafu kuna reli, na mimi naona hapa ndipo penye jibu lenyewe. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Kwa hiyo furushi la magazeti likipakiwa stesheni ya Tabora lilikuwa na njia tatu za kwenda: mashariki hadi Dar, kaskazini hadi Ziwa Victoria, magharibi hadi Kigoma, ambako meli ya Liemba ilishuka na mwambao wa Ziwa Tanganyika. Gazeti lililotoka Dar lingepita Tabora kwanza ndipo liwafikie wasomaji wa magharibi na wa ziwani.

Mtambo nao ulikuwa karibu. Nje kidogo ya mji, Kipalapala, palikuwa na seminari, na huko ndiko kilikojulikana kiwanda cha chapa cha misheni, TMP (Tanganyika Mission Press). Uchapaji wa herufi za madini ya risasi ulikuwa kazi ya subira: herufi moja moja inapangwa kinyumenyume, mstari unabanwa, wino unapakwa, karatasi inagandamizwa. Tena seti za herufi za Ulaya zilipangwa kwa lugha za huko. Kiingereza kinakula sana “e”, Kiswahili kinakula “a”. Chukua neno Tanganyika: “a” tatu, “e” hakuna. Ukurasa mmoja tu wa Kiswahili unaweza kumaliza kisanduku cha “a” huku “e” zikiwa bado zimejaa.

Baada ya Uhuru serikali, matangazo ya biashara na habari zenyewe vilizidi kujikusanya Dar, na Kiongozi nalo likahamia huko, chini ya Baraza la Maaskofu. TMP haikuondoka. Ukiwa na kitabu cha zamani cha Kiswahili nyumbani, hebu fungua kurasa za mwanzo; huenda ukakuta pameandikwa “TMP Book Department, Tabora”.