Kushukuru ni nini, na kunamfaa nini anayeshukuru?

Kushukuru ni kutambua kwamba umepata jema, kisha kukiri kwamba jema hilo, lote au sehemu yake, limetoka kwa mwingine: kwa Mungu, kwa mzazi, kwa jirani. Robert Emmons, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeichunguza shukrani kwa miaka mingi, naye anaieleza kwa hatua hizo mbili. Ya pili ndiyo tunayoisahau. Mwenye afya na kazi anaweza kufurahi tu, hata akajivuna; anaanza kushukuru pale anapokumbuka ni nani aliyemshika mkono.

Kwetu shukrani iko mdomoni tangu alfajiri. "Umeamkaje?" "Namshukuru Mungu." Ni jibu jema, ila kwa mazoea linaweza kutoka moyo ukiwa mbali. Kinachouamsha moyo ni kulitaja jambo lenyewe. "Asante kwa yote" hupita sikioni upesi. Lakini mwambie jirani: "Asante mama Rehema kwa kunianulia nguo jana. Mvua ilinikuta sokoni, na sare za watoto zilikuwa bado kambani." Atajua kwamba wema wake umeonekana. Nawe, ili uyaseme hayo, imekubidi uikumbuke mvua, kamba, na mtu aliyeacha shughuli zake akakimbilia nguo zisizo zake.

Mwaka 2003, Emmons na mwenzake Michael McCullough walichapisha utafiti uliowashirikisha wanafunzi wa chuo kikuu. Kwa wiki 10, kila wiki waliandika mambo yasiyozidi matano: kundi moja ya kushukuru, jingine kero, la tatu matukio tu. Walioandika ya kushukuru waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi kuliko walioandika kero, na walilalamikia maradhi madogo madogo mara chache zaidi. Katika sehemu nyingine ya utafiti huo, watu wenye maradhi ya neva na misuli walioandika shukrani kila siku walisema wanalala vizuri zaidi.

Nadhani sababu yake si ngumu kuiona. Baya hujitangaza lenyewe. Umeme ukikatika usiku mmoja, mtaa mzima unalizungumzia. Usiku ambao haukukatika hauna wa kuuhesabu. Anayeandika analazimika kuuhesabu.

Hapa niseme wazi jambo linaloniudhi: kuna wanaoitumia shukrani kumnyamazisha mtu. Mfanyakazi anadai mshahara uliochelewa, anajibiwa, "Shukuru una kazi." Huko ni kumdhulumu mara ya pili. Mtu anaweza kuishukuru kazi yake na kudai malipo yake siku hiyo hiyo. Mfiwa naye asiharakishwe kushukuru, aachwe alie.

Kwa anayetaka kuanza, daftari la kawaida linatosha, hata kwa kuandika mara moja kwa wiki. Zaidi ya hapo, mwandikie mtu mmoja aliyekufaa: mwalimu wa zamani, au shangazi aliyekulipia ada. Wengi husita wakiogopa kumtia mwenzao haya. Amit Kumar na Nicholas Epley walilipima hilo katika utafiti wa mwaka 2018: waandishi wa barua za shukrani walidhani wapokeaji wangeona haya zaidi kuliko walivyoona kweli, na walikisia furaha ndogo kuliko ile ambayo barua hizo zilileta.