Je, wajua kwa nini jengo la tiba na utafiti wa saratani huchorwa kuanzia kwenye kuta zake?

Ukitazama ramani ya jengo linalounganisha tiba na utafiti wa saratani, utaona vyumba vichache vya chini visivyo na dirisha, vyenye kuta zinazofikia unene wa mita mbili na zaidi, na vinavyoingiwa kwa korido iliyopinda. Msanifu majengo huanza na vyumba hivyo, na vingine vyote hupangwa kuvizunguka.

Sababu ni mashine ya tiba ya mionzi, ambayo wataalamu huiita linaki. Mashine hii huharakisha elektroni na kutoa eksirei zenye nguvu mara nyingi kuliko zile za kupiga picha ya kifua, na sehemu ya mionzi hiyo hupita mwilini na kuendelea hadi ukutani. Zege la unene wa sentimita 35 hivi huipunguza hadi kubaki sehemu moja ya kumi, sentimita 35 nyingine huipunguza tena kwa kiwango hicho hicho, na zikifika mara sita, yaani takriban mita 2.1, hubaki sehemu moja ya milioni. Kuta zisizoelekewa na mionzi moja kwa moja huweza kuwa nyembamba zaidi. Korido hupindishwa kwa sababu mionzi hupoteza nguvu nyingi kila inapogonga ukuta na kutawanyika, hivyo mlangoni hufika kidogo sana. Uzito wa zege lote hilo ndio unaovifanya vyumba hivi vikae chini, ambako udongo nao husaidia kuzuia mionzi.

Jengo la namna hii likijengwa Dodoma, zege lenyewe huwa mtihani. Mvua za hapa ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na miezi mingine ni ya jua, ukavu na upepo. Saruji ikichanganyika na maji hutoa joto, na ukuta mnene hulihifadhi joto hilo ndani huku uso wake ukipoa na kukaushwa na upepo. Tofauti hiyo huleta nyufa. Kwa hiyo ni busara kumwaga zege usiku, kwa maji yaliyopozwa, kisha kulifunika kwa magunia yanayolowanishwa kwa siku nyingi, jambo linalodai akiba ya maji iliyopangwa mapema. Mahali ambapo kazi ya leo inakutana na ya kesho, kiungo hujengwa kwa ngazi badala ya mstari mnyoofu, na mabomba ya nyaya hupitishwa kwa mshazari, ili mionzi isipate njia ya moja kwa moja. Hapa ndipo ninapoona usimamizi haupaswi kulegezwa hata kidogo, kwa kuwa dosari iliyofichika ndani ya ukuta hairekebishiki kwa plasta.

Utafiti huwekwa chini ya paa hilo hilo kwa sababu ya muda. Kinyama kilichotolewa kwa mgonjwa huanza kuharibika mara tu kinapokosa damu, na mtafiti anayetaka kuchunguza vinasaba vyake hukihitaji haraka, kabla ya kukihifadhi kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Maabara za kukuzia seli huhitaji hewa iliyochujwa inayosukumwa nje, vumbi la Dodoma lisiingie. Chumba cha kuchanganyia dawa za saratani huhitaji kinyume chake, hewa ivutwe ndani, mvuke wa dawa usiwafikie watu.

Mgonjwa anayetoka Kondoa au Manyoni huweza kuhitaji mionzi siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa mfululizo, na tiba ikikatizwa seli za saratani hupata nafasi ya kuongezeka. Mashine nazo huchakaa mapema kuliko jengo. Ndiyo maana msanifu makini huacha chumba kimoja kitupu, kuta zake zikiwa zimekamilika, ili mashine mpya ifungwe humo wakati ya zamani ikiendelea kutibu.