Kuku wa kienyeji na hiyo inayoitwa kinga ya asili

Kila mdondo, ule ugonjwa wa kirusi unaoua kuku (Newcastle), ukikaribia, kuanzia Masasi hadi Tandahimba utaisikia hoja ileile: kuku wa kienyeji hahitaji chanjo, ana kinga ya asili. Siku hizi hata waliosoma baiolojia wanaisema, tena kwa kujiamini.

Kinga ya asili ni ulinzi ambao mnyama huzaliwa nao, kabla hajakutana na kirusi chochote. Ile ya kupata hujengwa baada ya kuugua au kuchanjwa, na ndiyo yenye kingamwili, yaani protini zinazokinasa kirusi maalumu, na kumbukumbu. Basi.

Sasa, kuku anayo kinga ya asili, nani kakataa? Hata wa kisasa anayo. Seli yake ikivamiwa hutoa interferoni, protini inayozitahadharisha seli jirani zijiandae. Alick Isaacs na Jean Lindenmann waliigundua London mwaka 1957, na walifanyia kazi utando wa yai la kuku. Hata mbu ana kinga ya asili, ingawa hana interferoni wala kingamwili. Yeye huikatakata RNA ya kirusi, yaani maelekezo yake ya urithi, vipandevipande. Kwa njia hiyo hukidhibiti kirusi cha chikungunya, ugonjwa ulioelezwa mara ya kwanza kwenye mlipuko wa 1952–53 huku kwetu Makonde, akaendelea kuruka huku sisi tukilia na viungo.

Ila kuzaliwa na kinga si kuzaliwa na kinga dhidi ya kila kirusi. Bata ana protini iitwayo RIG-I, inayonusa RNA ya mafua ya ndege mapema. Ukoo wa kuku uliipoteza jeni hiyo zamani sana, na hiyo ni sababu mojawapo ya bata kubeba mafua mengi bila kutetereka huku kuku wakiteketea. Mageuzi hayakumpangia kuku mema. Yalimwachia tu kilichobaki. Na kirusi nacho hakijalala: cha mdondo kina protini yake, V, ambayo kazi yake ni kuizima interferoni ya kuku. Kinga ya asili mnayoisifu, adui ameshaisoma.

Kinachowapoteza wengi ni vifaranga. Tetea amenusurika mdondo, ametotoa, ugonjwa umepita tena na vifaranga wamesimama. "Si unaona, wamerithi!" Hawakurithi. Wamepewa kingamwili za mama kupitia kiini cha yai, na baada ya wiki chache zinaisha. Hakuna jeni iliyobadilika hapo. Kilichomwokoa tetea mwenyewe mara ya pili pia ni kinga ya kupata, ile ileile ambayo chanjo ingempa bila kumhatarisha.

Kwa hiyo jirani akikuambia kuku wake wana kinga ya asili, mkubalie, ni kweli. Kisha muulize kwa upole lini walitiwa tone la chanjo jichoni mara ya mwisho, maana hilo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.